Mwana wa mfalme asiye na ndevu

Mhariri,

Mie fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga. Juzi umeme ulikatika, mjukuu akanionyesha kwenye simu filamu bubu ya 1924, The Thief of Bagdad. Douglas Fairbanks, nyota wake anayecheza mwizi, kifua wazi, anaruka kama ngedere. Sawa. Jicho langu likamganda Mwana wa Mfalme wa Uajemi: mnene, mashavu laini kama andazi. Kumbe mwanamke, Mathilde Comont, Mfaransa! Wa Uhindi naye ni Noble Johnson, Mmarekani mweusi. Anna May Wong, mwenye asili ya Kichina, mzaliwa wa Los Angeles, kaambulia ujakazi, na ndiye aliyenikosesha usingizi. Lakini Baghdad nzima ile, mbona Mwarabu simwoni kwenye nafasi kubwa? Mkiandika sinema za kale, watajeni na hawa, si Fairbanks tu.

Fundi kanzu, Tanga