Barua kutoka Okinawa: Ngome ya Katsuren

Naha, Okinawa

Ndugu yangu Salum,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta wewe na wote nyumbani mkiwa buheri wa afya. Mimi ni mzima, ingawa joto la huku lingemfanya hata Bakari aache kulalamikia lile la Kilwa. Uniwie radhi kwa ukimya wangu. Leo nimelazimika kushika kalamu kwa sababu ya ujumbe wako kwamba unataka kuwafundisha wanafunzi habari za Warumi waliofika Japani, nami nakusihi usubiri kwanza.

Ni kweli kwamba mwaka 2016 ilitangazwa kuwa sarafu nne za shaba za Kirumi, za karne ya 3 na ya 4, zimetambuliwa miongoni mwa vitu vilivyofukuliwa katika ngome ya Katsuren, hapa kisiwani Okinawa, kusini mwa Japani. Lakini pamoja nazo ilikuwapo sarafu ya Waturuki wa Osmani ya mwaka 1687, ilhali ngome hiyo ilitekwa mwaka 1458. Basi utaona mwenyewe kwamba huenda hazikuletwa na chombo kimoja, na hakuna haja ya Mrumi yeyote kupanda kilima kile.

Kinachonikera ni kwamba kelele za sarafu zimemfunika Amawari, bwana wa mwisho wa Katsuren. Ngome yake iko juu ya rasi, karibu mita 100 kutoka usawa wa bahari, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe, jamaa ya yale ya Msikiti Mkuu wa Kilwa, zikipinda kufuata mgongo wa kilima. Alimpindua bwana aliyemtangulia, akatajirika kwa biashara ya ng'ambo, hata mfalme Shō Taikyū wa Ryukyu, ufalme wa visiwa hivi, akamwoza binti yake. Kisha, mwaka 1458, Gosamaru wa ngome ya Nakagusuku, ambaye ni baba mkwe wa mfalme huyohuyo, alituhumiwa uhaini, akashambuliwa na akajiua. Muda si muda jeshi la mfalme likageukia Katsuren na Amawari akauawa.

Masimulizi ya Shuri, makao ya mfalme, yanasema kwamba Amawari ndiye aliyemsingizia Gosamaru ili apate njia ya kunyakua kiti, na kwamba mkewe mwenyewe alikimbia kwenda kumfichua. Huenda. Lakini historia ya kwanza ya ufalme iliandikwa mwaka 1650, na watu wa Shuri wenyewe, na mabwana wawili wenye nguvu kutoweka katika mwaka mmoja ni neema kubwa mno kwa mfalme. Ajabu ni kwamba Omoro Sōshi, mkusanyiko wa nyimbo za kale uliotengenezwa Shuri hukohuko, unamsifu Amawari na kuilinganisha Katsuren na Kamakura, makao ya zamani ya watawala wa kijeshi wa Japani.

Nina ombi pia. Katsuren vimefukuliwa vigae vingi vya vyombo vya Kichina, vikiwemo vya kijani hafifu kama vile vilivyopatikana Kilwa Kisiwani; nipigie picha za karibu za hivyo vya huko, ukingo na kitako, nivilinganishe.

Je, wanafunzi wako wangemhukumu vipi Amawari kwa ushahidi huu? Huko nako ni nani aliyeandikwa na adui yake? Na Shangazi Zuhura, goti lake limepona? Utanijibu lini?

Wasalaam,
Rafiki yako Idrisa