Barua ya wazi kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii: Mtoto tunampima uzito, anayemlea hatumtazami

Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUTAZAMA JINSI MTOTO NA MLEZI WANAVYOITIKIANA

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya kwenye kliniki za mama na mtoto mkoani Morogoro. Nakuandikia kwa sababu Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, hii tuliyozoea kuiita PJT-MMMAM, ilipangiwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, na kitakachofuata lazima kiandikwe. Ombi langu ni moja: wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kutazama mtoto na mlezi wake wanavyoitikiana, waandike walichokiona, na taarifa hizo zipande hadi mezani kwako kama zinavyopanda za uzito na chanjo.

Siku ya kliniki unaifahamu. Akina mama wamejaa kwenye mabenchi tangu asubuhi. Mtoto anavuliwa nguo, anavalishwa ile suruali ya mizani, ananing'inizwa, analia kwa nguvu zake zote. Muuguzi anasoma kilo, anaweka nukta kwenye kadi, anaita anayefuata. Nukta ikiangukia kwenye kijani mama anapongezwa na kwenda zake. Katika dakika hizo chache limepita jambo ambalo kadi haina pa kuliandika. Mtoto alipotolewa kwenye mizani alimnyooshea nani mikono? Alinyamaza alipobebwa, au aliendelea kulia huku aliyemleta akiperuzi simu? Na wapo wasiolia kabisa, wanaoning'inia pale kama vile hakuna lolote linalowapata. Hao ndio wanaosifiwa kwa utulivu. Mimi ndio walionitia wasiwasi kuliko wote.

Sisemi kupima uzito ni kazi bure. Udumavu nchini ulishuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022, na naamini sababu mojawapo ni kwamba mkuu wa mkoa anaulizwa habari za udumavu. Hakuna mkuu wa mkoa anayeulizwa kama watoto wa mkoa wake wana mtu wa kumkimbilia wakiogopa. Programu yenyewe imelitaja jambo hili kwa jina zuri, malezi yenye mwitikio, likiwa ni moja ya nguzo tano pamoja na afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji wa awali. Lakini nguzo nne zina namna ya kuhesabiwa ambayo afisa wa halmashauri anaielewa. Hii ya tano inabaki kwenye hotuba.

Watakuambia haipimiki. Naomba wakumbushwe habari za Mary Ainsworth, mwanasaikolojia mzaliwa wa Marekani aliyekulia Kanada. Mwaka 1954 alifika Kampala na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere. Kabla ya hapo alikuwa London na daktari John Bowlby, wakichunguza kinachompata mtoto mdogo anapotenganishwa na mama yake. Kwa hiyo alikuja na swali lake tayari. Alikuwa amesikia kwamba Waganda humwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi, akataka kuona utengano huo unamfanya nini mtoto. Alipofika vijijini akakuta wengi hawaifuati tena desturi hiyo. Akaliacha swali lake, akaanza kutazama.

Alitazama watoto 28 katika familia 26, kwenye vijiji vya jirani na Kampala, kwa takriban miezi tisa. Alirudi kila nyumba baada ya wiki mbili hivi, alasiri, wakati ambao wanawake wale hupokea wageni. Anakaa sebuleni na mkalimani wake kama saa mbili, mama akiendelea kuzungumza na kunyonyesha. Wala hakwenda mikono mitupu: gari lake liliwapeleka akina mama na watoto kliniki mjini. Hilo nalipenda sana, maana watafiti wengi niliowapokea kituoni walichukua majibu yao wakaondoka.

Aliloliona ni dogo, na kila bibi analijua. Mtoto anayetambaa humwacha mama kidogo, akaokota kitu, akageuka kumtazama, akarudi kumgusa goti, kisha akaondoka tena, safari hii mbali zaidi. Anathubutu kwenda kwa kuwa ana pa kurudi. Wengine hawakuwa hivyo: walimng'ang'ania mama na kulia hata wakiwa mikononi mwake. Ainsworth akaona pia kwamba mama wa watoto waliotulia, akiwauliza habari za mtoto, walikuwa na mengi ya kusimulia, mpaka vijambo vidogo vidogo, kwa sababu walikuwa wanamtazama. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Elimu hii tunayoletewa leo hotelini kwa slaidi za Kiingereza, sehemu yake kubwa ilianzia sebuleni mwa Waganda.

Aliporudi Marekani alifanya tena kazi ya namna hiyo Baltimore, akabuni jaribio la chumba kigeni: mtoto wa mwaka mmoja, mama anatoka, mgeni anaingia, mama anarudi, na kinachoangaliwa zaidi ni mtoto anavyompokea mama. Jaribio hilo ndilo lililopata umaarufu. Mimi silitaki hapa. Huko Japani baadhi ya watoto walilia kupita kiasi, na sababu haikuwa malezi mabaya. Ni kwamba hawakuzoea kuachwa peke yao hata kidogo. Mtoto wa Kilosa anayehama mgongo wa mama, wa shangazi na wa dada yake kwa siku moja, chumba kile kitatueleza nini juu yake? Tuchukue alichofanya kwanza, kule kijijini.

Watu wa kuifanya kazi hii tunao. Mwanzoni mwa 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu 137,294 wa afya ngazi ya jamii, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Na si lazima wawe wataalamu wakubwa. Jamaika, katikati ya miaka ya 1980, timu ya Sally Grantham-McGregor ilichukua watoto 129 waliodumaa mjini Kingston. Wahudumu wa jamii waliwatembelea baadhi yao saa moja kila wiki kwa miaka miwili, wakimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Wengine walipewa maziwa. Miaka ishirini baadaye waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kilichozidi cha wenzao kwa takriban asilimia 25, na sonona kwao ilikuwa pungufu. Waliopewa maziwa peke yake hawakuonyesha faida hiyo.

Sasa kuna jambo ambalo Ainsworth hatatusaidia sana. Mjini, anayeshinda na mtoto mara nyingi ni dada wa kazi. Naye ni binti wa miaka kumi na kitu, ametolewa kwao, ana unyonge wake ambao hakuna aliyemuuliza. Mama amerudi kazini; sheria kwa kawaida inampa siku 84, baba siku 3, na zote hizo ni za walioajiriwa. Mama ntilie na muuza mbogamboga hawamo. Kwa hiyo mhudumu akiingia nyumbani asiulize "mama yuko wapi?" kisha akafunga daftari asipomkuta. Amtazame aliyepo. Binti huyo akibadilishwa kila baada ya miezi michache, mtoto anampoteza mtu kila mara, na kadi yake bado inasoma kijani.

Ninachoomba kwenye fomu ni mistari miwili tu: nani anashinda na mtoto huyu, na mtoto akilia au kuogopa anamwendea nani. Mafunzo yake yafanyike majumbani, mhudumu akikaa na mwalimu wake saa nzima bila kuhutubia. Wakishakuwa mahiri, waongezewe mambo ya kutazama. Ianze wilaya moja, tuone yanayoandikwa yana maana au ni kujaza karatasi, kwa maana fomu tayari ni nyingi na nazijua zinavyojazwa jioni kwa kukisia.

Wauguzi wastaafu wa kliniki tuko wengi mikoani, na macho bado tunayo. Mkituita kufundisha tutakuja, nauli itatosha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Morogoro.