Barua kwa Mwanangu Aliyeko East Lansing: Usiikimbie Kemia

Ilula, Iringa

Mwanangu mpenzi,

Kamwene. Hapa nyumbani hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, ambalo linamsumbua tangu mvua zilipoanza. Nimeamua kukuandikia barua kamili kwa sababu jambo nililolisikia juzi haliwezi kuenea katika ujumbe wa simu. Mama yako ameniambia kwamba hukufanya vizuri katika jaribio la kemia, na kwamba unafikiria kuiacha Sayansi ya Ufungashaji uhamie kwenye masomo ya kuchora nembo na matangazo, kwa maelezo kwamba shahada yenyewe mwisho wake ni maboksi, na boksi halihitaji mtu anayejua kaboni inaungana na nini. Usiku ule sikulala vizuri.

Nianze na neno hilo la maboksi. Chuo chako hicho cha Michigan State kilianza kufundisha ufungashaji mwaka 1952, kabla nchi yetu haijapata uhuru, na mpaka leo kinawataka wanafunzi wa shahada hiyo wasome kemia, fizikia na hesabu kabla ya kuwaruhusu kuingia kwa kina katika plastiki, karatasi, kioo na bati. Taifa lenye viwanda vingi namna hiyo lisingewaweka vijana darasani miaka minne ili wajifunze kukunja karatasi. Anayedhani kifungashio ni picha iliyo juu yake hajawahi kupoteza mzigo njiani, na wewe si mtu wa kundi hilo. Yaliyotupata mwaka ule lori lilipolala kwenye mlima wa Kitonga unayajua, nami sitayarudia.

Ni wewe mwenyewe uliyenieleza, tukiwa tumekaa pale kwenye benchi la jikoni, kwamba nyanya ikishachumwa haifi. Inaendelea kupumua, inatumia oksijeni, inatoa hewa ya ukaa, maji na joto. Nimelima nyanya miaka mingi nikidhani kwamba zinazooza chini ya tenga zinaoza kwa sababu ya kubanwa tu. Zinabanwa kweli, hasa tenga likijazwa lumbesa kumridhisha dalali, na mbao zisizopigwa randa zinazitoboa. Lakini kumbe lipo pia joto lao wenyewe, ambalo halipati pa kutokea kuanzia hapa mpaka soko la Ilala. Maelezo hayo hukuyapata katika uchoraji, mwanangu. Uliyapata katika kemia hiyo unayotaka kuikimbia.

Chukua pia karanga za mama yako. Anazikaanga vizuri, anazifunga katika nailoni inayong'aa, anabandika lebo uliyomchorea, na lebo ile kila mteja anaisifu. Hata hivyo, baada ya wiki chache madukani zinachacha na tunarudishiwa. Uliwahi kutuambia kwamba nailoni ya kawaida inazuia unyevu vizuri lakini inapitisha oksijeni, na oksijeni ndiyo inayoharibu mafuta ya karanga. Kwamba ipo plastiki nyingine inayozuia oksijeni barabara lakini ikipata unyevu nguvu yake inapungua. Na kwamba kwa sababu hiyo viwanda huzipanga plastiki hizo tabaka juu ya tabaka, moja ikimlinda mwenzake. Nani atamchagulia mama yako tabaka hizo, kwa bei anayoimudu, ikiwa wewe utakuwa umebaki na lebo?

Sikatai kwamba uchoraji ni kazi ya heshima, na mkono wako ni mzuri tangu utotoni. Ninachokuomba ni kwamba usiufanye kuwa mahali pa kujificha.

Hapo Indiana, jirani na jimbo lako la Michigan, kipo Chuo Kikuu cha Purdue, ambacho watafiti wake walianza mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde za wakulima wa Kamerun, kazi iliyotuletea mifuko ya PICS tunayohifadhia mahindi. Ukiitazama ni mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba kimoja, wala haina uzuri wowote wa kumvutia mnunuzi. Lakini mtu alikaa akapima unene wa plastiki ile, maikroni 80, ili hewa isipenye kwa haraka, wadudu waimalize oksijeni iliyomo ndani na waishe bila dawa. Tulipopoteza gunia mbili kwa dumuzi nilimlaumu sana yule kijana aliyetuuzia mifuko, tena mbele ya watu. Siku hizi najua kwamba mfuko ule haupaswi kufunguliwa kila wiki kwa ajili ya kuwaonyesha wageni mahindi.

Na usisahau mwaka 2016, watu walipokufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa katika mahindi. Nafaka iliyofungwa kabla haijakauka sawasawa hupata ukungu humo humo ndani ya kifungashio, hata kiwe kizuri namna gani. Anayeshika kazi hii anashika uhai wa watu, na kwa hiyo namtaka ajue kemia.

Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi, najua mtoto anayeshindwa kwa uvivu na mtoto anayeshindwa kwa sababu msingi wake una mashimo. Wewe si mvivu. Kidato cha tatu, wenzako walipokuwa wanakwenda masomo ya ziada ya kemia siku za Jumamosi, msimu wa kuchuma ulikuwa umepamba moto na vibarua walikuwa ghali. Kwa hiyo ukiona kuna mambo ambayo wenzako wa huko wanayajua na wewe huyajui, usijihesabu kuwa mjinga. Nenda kwa mwalimu, mwambie wazi kwamba sehemu hiyo hukuisoma, uanzie pale. Ila usiniambie kwamba huna muda, maana muda wa kupiga picha kwenye theluji naona unaupata.

Kuhusu watu wa huku, kanisani wameanza kuuliza ukimaliza uhandisi utarudi lini. Nitawasahihisha mimi mwenyewe. Neno hilo la uhandisi halikutoka kwako. Nitawaambia kwamba binti yangu anasoma ufungashaji, na atakayecheka nitamwonyesha tenga.

Mdogo wako anahitaji ada ya muhula wa pili, lakini hilo lisikushughulishe, nimeuza yule ndama mwekundu. Bati la jikoni bado linavuja upande wa kuni. Mama yako anauliza kama koti la baridi bado linatosha au umempa mtu koti hilo, kama kawaida yako. Anataka pia umweleze ni nailoni ya namna gani amwagize mtu wa Dar es Salaam, naye ameahidi kutonunua nyingine mpaka umjibu.

Nijibu kabla ya usajili wa masomo kufungwa, na uanze na kemia. Habari za koti zitafuata.

Baba yako