Mashine hairudishi macho, inayafundisha

Mhariri,

Juma lililopita mjukuu wangu alinisomea barua ya msomaji wako aliyeuliza kama kweli huko Ulaya ipo mashine ya mlio inayorudisha macho ya wazee. Mimi nimekaa mbele ya mashine hiyo mara kumi, basi naomba nafasi nimjibu. Kurudisha, hairudishi. Lakini asiishie hapo.

Mimi ni mpishi wa hoteli mstaafu wa hapa Malindi, na Kiitaliano changu nilikiokota jikoni. Ugonjwa wangu ni wa makula, ile sehemu ya katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Makula upana wake ni kama milimita tano na nusu tu, lakini ndiyo tunayosomea na kutambulia nyuso. Ulianza kwa kupinda vitu: safu za vigae vya barazani zikaenda kombo, milingoti ya mashua ikaota nundu. Kisha likaja doa. Nikikaa baoni, shimo ninalolitazama ndilo lisilo na kete. Nikihamisha macho kwenda shimo la jirani, kete za lile la kwanza hizo zinaonekana. Mtu akisimama mbele yangu namwona kanzu, kofia na masikio. Uso, hapana. Mtaani nikasemwa kuwa siku hizi nina maringo, napita watu bila salamu.

Daktari wa kwanza alinimulika, akasema ni aina kavu, ya uzee, haina sindano. Hapo simlaumu. Sindano za jichoni zinazotumika sana ni za ile aina nyingine ambayo mishipa mipya ya damu huota chini ya retina na kuvuja, na mwenye hiyo asikae nyumbani kungoja, kila siku ina hasara yake. Ninachomlaumu ni neno alilonisindikizia mlangoni: "Nenda ukapumzike mzee, hakuna la kufanya." Lilikuwapo.

Binti yangu ameolewa Padova, Italia, na mojawapo ya mashine hizi, iitwayo MAIA, hutengenezwa mji huohuo. Kwanza inakupima. Vitaa vidogo vinawaka kimoja kimoja, ukikiona unabonyeza, nayo inachora ramani ya retina yako, wapi pamekufa na wapi pangali hai. Ikaonekana macho yangu yalikwisha kujitafutia mahali pa kutazamia, kando ya doa, bila hata kuniuliza. Ila yalichagua vibaya: doa lilibaki upande wa kulia, likawa linameza kila neno linalofuata. Nikamwambia yule mama aliyenifundisha kwamba kwa Kiarabu mahali hapo pangenifaa sana, maana huko tunasoma kwenda kushoto. Alicheka, kisha akanichagulia pengine, ili doa likae juu ya mstari na maneno yapite chini yake.

Zoezi lenyewe ni hivi. Unaweka kidevu kwenye kitako chake, jicho moja limezibwa, jingine linatazama mbele. Mashine inalifuata jicho likienda. Likiwa mbali na mahali palipochaguliwa, mlio unakuja kwa vipande. Likikaribia, vipande vinafukuzana. Likifika na kutulia, mlio unaungana. Jicho halijui limekosea wapi, sikio ndilo linaloliambia. Mpishi yeyote atanielewa: kama mafuta yamekolea hatuangalii, tunasikiliza. Dakika kumi kila jicho, mara moja kwa juma, majuma kumi. Siku ya kwanza nilitoka na shingo inauma na hasira. Nadhani ilikuwa mara ya nne ndipo mlio ulipokaa bila kukatika hata nikahesabu hadi ishirini.

Faida? Doa lipo palepale, wala halijapungua hata chembe. Ila jicho halitangitangi tena, na kwa kioo cha kukuzia nasoma vichwa vya habari vya gazeti lako na majina kwenye simu. Kioo sikiachi, kwa sababu retina ya pembeni haina chembe za kutosha za kuonea vitu vidogo; ni lazima herufi ikuzwe. Niliambiwa pia, bila kufichwa, kwamba utafiti uliofanywa umehusisha wagonjwa wachache wachache, na kwamba watu hawapati sawa. Atakayekuuzia mashine hii kama tiba, mkimbie.

Sasa neno langu hasa, Mhariri. Sehemu kubwa ya niliyojifunza haikuhitaji mashine. Yule mama alinipa zoezi la nyumbani: mwangalie mtu kana kwamba uso wake ni saa ya ukutani. Tupia jicho penye namba moja, kisha mbili, uzunguke taratibu, mpaka ufike mahali ambapo pua na mdomo vinajitokeza. Pakariri hapo. Ukisoma, jicho lisiende, karatasi ndiyo isogezwe. Hilo lataka kiti, mwanga mzuri na mtu anayejua kufundisha. Kliniki zetu za macho zinatoa mtoto wa jicho kila wiki na Mungu awalipe, lakini sisi wenye uoni hafifu, tusio na cha kupasuliwa, huku kwetu sikumpata hata mmoja wa kutukalisha chini nusu saa. Kaunti iajiri mmoja tu kwa kila hospitali yake kubwa. Si kila mzee ana binti Padova.

Msomaji aliyeuliza aanze leo na hiyo saa. Mahali pangu mimi ni juu kabisa, akrabu zinapokutana saa sita. Nanyi wa mtaani mlionisema kwa maringo, mkiniona nakukodoleeni macho juu ya kofia, ndipo ninapowaona.

Mpishi mstaafu,
Shela, Malindi