Kwa mdogo wangu wa Doha, kuhusu ile kaseti ya Baba

Asalaam aleikum mdogo wangu,

Najua umenibloku wasapu kwa hivyo naandika huku, na utasoma tu maana we tangu utotoni huwezi kukaa bila kuchungulia. Habari za joto la huko. Huku pia si haba, mfereji wa uani watoa maji ya moto saa nne asubuhi na stima ikipotea ndo basi tena, twalala barazani kama samaki walioanikwa.

Tuanze na lile la grupu la familia. Uliandika ati muziki wa Kenya ulianza elfu mbili, vya nyuma vyote ni vilio vya wazee, watu wakaweka vile vikatuni vya kucheka hadi Ami naye akaweka, na ile ilikuwa hata arobaini ya Baba haijaisha. Mimi nikatoka kwenye grupu. Nasikia wanasema ati dada yenu kanuna kwa sababu ya nyimbo. Haya, tuanze na hizo nyimbo basi.

Miaka ya sabini waiita vilio? Kina Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga na magitaa yao wakaja kuanzisha Simba Wanyika 1971, na walipogawanyika 1978 wengine wakaunda Les Wanyika, na ni kwa sababu ya mgawanyiko huo ndo tukapata Sina Makosa. Hao ni watu wamekosana, na bado wakatuletea ule wimbo! Sisi tukikosana twabloku. Charonyi ni Wasi ya Maroon Commandos, 1977, bendi ya wanajeshi, wimbo wa Kitaita, hadi leo ukipigwa harusini hata asiyejua neno moja la Kitaita ainuka na leso yake. Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga gitaa, mtu wa Morogoro lakini kafia kwetu hapa Mombasa, ajali ya gari, Kisauni, Januari 1979, na wakumbuka Baba tukipita huko kwa matatu alikuwa aacha kuzungumza kidogo kisha aendelea palepale alipoachia.

Na we hukuwahi kumuona Baba na santuri, ulikuja zishauzwa. Zile ndogo zilibeba dakika chache kila upande kwa hivyo wimbo ulikatwa katikati, upande wa kwanza waimba, upande wa pili ndo magitaa yafunguliwa. Baba alikuwa ageuza santuri kama ageuza chapati, haraka isije ikaungua, na ole wako uzungumze kabla sindano haijashuka. Sasa mtu aliyengojea upande wa pili namna hiyo waweza kumwambia alikuwa asikiza kilio?

Ile Idi uliyokuja tukaenda Lighthouse, na ile spika yako kubwa kama jiko, uliniambia Juma Bhalo wa taarabu alikuwa achukua nyimbo za filamu za Kihindi atia maneno yake. Kweli. Nani kakataa, Mombasa nzima yajua. Lakini maneno je? We hayo maneno huyasikii kwa sababu hukukaa na wazee ukaelezwa fumbo liko wapi, walikuwa wakitukanana mtaa mzima na hakuna neno baya hata moja lililotoka. Ukanijibu "hiyo ni kopi" ukaongeza sauti ya spika, mihogo yangu ikapoa mkononi, na yule wa madafu akawa atucheka.

Ya themanini usinitajie kabisa. Jambo Bwana, Them Mushrooms, 1982, ni vijana wa hapa hapa nakubali, na hadi Boney M wakauimba, ni sifa kwetu. Lakini we ushamsikia mtu wa Majengo auimba akikuna nazi? Ule ni wa hotelini. (Ntatukanwa kwa hili, mnitukane tu.)

Na mimi si mtu mbaya, vyako pia navijua. Nyota Ndogo alitupa heshima Wapwani, Ukoo Flani nao walikuwa na maneno mazito hata kama walivaa suruali za kuanguka. Na E-Sir wa rap, wallahi, yule kijana Kiswahili kilimteleza mdomoni kama sabuni. Miaka 21 tu. Alipofariki ile Machi 2003, ajali njiani akitoka Nakuru, hata mimi nililia na nilikuwa nshakuwa mkubwa.

Sasa tumefika pale, maana ni wiki ileile.

Redio nzima ilikuwa E-Sir asubuhi hadi usiku na we ulitaka kurekodi. Redio kaseti ya Baba ilikuwa haishiki FM, kwa hivyo ukaazima kile kiredio cha jirani ukakiweka mbele ya maiki yake, ukakaa chini ukumbini, miguu umekunja, kidole tayari. Miaka kumi na mitano ulikuwa nayo. Ukachukua kaseti ndani ya katoni ya Baba. Vile vijiplastiki viwili vya juu Baba alikuwa kavivunja kitambo ili mtu asirekodi juu yake, we ukatia karatasi.

Kaseti ile ndo ile ya harusi ya Shangazi, 1991. Haikuandikwa jina kwa sababu Baba aliijua kwa mkono. Taarabu usiku kucha, na katikati Mama ainuka kwenda kumtunza mwimbaji, ainama kumtia noti, mdomo ukamkaribia maikrofoni, asema "rudia hapo pa mwisho." Maneno manne. Sauti ya Mama kwenye dunia hii ilibaki hiyo tu, na alikuwa na miaka minne kaburini. Baba alikuwa airudisha pale kila mara hadi utepe ukavutika, Mama akawa aongea kama yuko ndani ya maji.

Baada ya Isha Baba katoka barazani na kahawa yake, katia kaseti, kabonyeza. Ikatoka Boomba Train ya E-Sir.

Hiyo picha nnayo hadi leo. We umesimama mlangoni, ndara moja mkononi, hujui uivae ama ukimbie. Mimi nikatoka jikoni mbio na mikono ya unga nikakuzaba kofi, hata Baba hajasema neno, nikapiga kelele nani kakwambia uguse vitu vya watu. Alama ya unga ilibaki shavuni kwako. Baba akainua mkono hivi, "mwachie," akaketi akasikiza upande ule wote dakika 45 hadi ukajikata wenyewe. Kisha akaitoa akairudisha katoni, na tangu siku hiyo Baba hakusikiza kaseti tena, sikiliza vizuri, miaka ishirini na ushee mtu aliyekuwa halali bila Bhalo.

Kwa hivyo ulipoandika lile neno lako kwenye grupu ndo maana sikuweza. Mtu akifuta kitu cha mwenzake asiseme tena kwamba hakikuwa na maana. Nawe sasa una watoto, wafunze waulize kabla hawajashika vitu vya wakubwa.

Uliuliza lakini. Hilo ndo nataka kukwambia na nimelizunguka toka juu.

Tulipogawa vitu vya Baba hakuna aliyetaka katoni, nikaichukua. Fundi mmoja Mwembe Tayari akanitilia redio ile mpira mpya, nikakaa nayo peke yangu mchana watoto wakiwa chuoni. Nyimbo mbili za E-Sir, mtangazaji, wa tatu. Na kwa kuwa ulirekodi kwa maiki nyumba yote yasikika, mwadhini kwa mbali, kuku wa jirani, mafuta yangu yachemka. Kisha wewe, sauti bado haijavunjika, "Dada, una hakika ndo hii?" Na mimi kutoka jikoni, "Hiyo hiyo, haina kitu, rekodi!"

Wallahi sikukumbuka. Ama nilikumbuka nikajisahaulisha, usiniulize, sijui. Na we pia uliuliza vibaya, mtu yuko na kaimati motoni waenda kumuuliza mambo ya kaseti? Nilikuwa na miaka ishirini, Mama hayupo, nyumba nzima iko kichwani mwangu, nguo zako nafua mimi, karo naenda kuombea siku mimi, ningejua kaseti ipi ni ipi isiyo na jina? Na mbona hukusema? Ulipigwa kofi ukanyamaza, miaka yote hii wanyamaza, ningejuaje? Ungesema "si wewe uliniambia" tungemaliza usiku uleule.

Halafu nikakumbuka Baba alisikiza upande wote. Dakika 45. Alinisikia. Asubuhi yake nilimpelekea chai akaniombea dua kama kawaida.

Bado nasema ya sabini yashinda. Hilo halibadiliki, na ukija na spika yako ntakuja na yangu.

Lakini kuna jambo. Nyimbo zako zikiisha yaja kelele tupu, shhh, kitambo kidogo, kisha taarabu yaingia katikati. Pa Mama pamepita, hapapo, nimerudisha mara tatu. Kinachoingia ni yule mwimbaji anarudia ubeti wa mwisho, na wanawake wapiga vigelegele kwa sababu amerudia.

Fundi kasema utepe umechoka, kila ukichezwa walika, kwa hivyo nimeacha. Naambiwa huko kwenu kuna watu huutia kwenye kompyuta. Ulizia bei. Na ukija Disemba lete waya wa redio, huu wa Baba wapiga cheche.