Barua ya malalamiko: siku 50 gatini kwa bei ya mgeni wa usiku mmoja

Kwa Meneja wa Marina,
Mto Neuse, North Carolina

9 Januari

YAH: KUTOZWA BEI YA USIKU WAKATI NIKISUBIRI MATENGENEZO YENU

Ndugu Meneja,

Mimi ndiye mwenye ile mashua ya matanga ya futi 36 iliyofungwa gatini kwenu kuanzia 2 Novemba hadi 22 Desemba. Naandika nikiwa nimetia nanga St. Augustine, Florida, ambako nilikusudia kufika kabla Novemba haijaisha.

Kwenu nilikuja kulala siku tatu tu. Kwa ajili ya msimu wa vimbunga, bima yangu hairuhusu mashua kuingia Florida kabla ya 1 Novemba, hivyo niliondoka Norfolk, Virginia, mwishoni mwa Oktoba nikashuka taratibu kwa njia ya Intracoastal, ile njia ya mito na mifereji ya ndani inayofuata pwani, pamoja na wenzangu wengi wanaokimbia baridi. Nilipoingia mto Neuse injini ikaanza kukosa nguvu na kutoa moshi. Fundi wenu aliikagua, akasema ni pampu ya dizeli, na tarehe 4 Novemba akaifungua ili ipelekwe kwa mafundi wa pampu mjini. Hadi hapo sina neno.

Pampu hiyo ilikaa juu ya meza ya karakana yenu siku 19. Kila asubuhi nikienda kuoga nilipita pale dirishani nikaiona, imo ndani ya mfuko wa nailoni, na kikaratasi chenye jina la mashua yangu kimebandikwa. Mara ya kwanza nilipouliza niliambiwa gari la mizigo litapita Alhamisi. Mara ya pili, fundi amekwenda kuwinda kulungu. Mara ya tatu sikupewa sababu yoyote. Ilipelekwa 23 Novemba, ikarudi 12 Desemba, na ikafungwa kwenye injini 20 Desemba. Kuifunga kulichukua saa nne.

Ninyi ni watu wa maji, kwa hiyo sitegemei mniambie ningepandisha tanga nikaondoka. Kwenye mifereji ile hakuna nafasi ya kwenda huku na huku kukata upepo, na mbele ya daraja ambapo mashua husubiri lifunguliwe zipite, mashua isiyo na injini ni hatari kwa kila aliye karibu. Nilikaa kwa sababu injini yangu ilikuwa mikononi mwenu.

Sasa ankara. Mmenitoza usiku 50 kwa dola 2 kwa kila futi, yaani dola 72 kwa usiku, jumla dola 3,600. Bei yenu ya mwezi ni dola 18 kwa futi, ambayo kwa mashua yangu ni dola 648. Tarehe 6 Novemba ofisi yenu iliniandikia barua pepe, nakala yake nimeiambatanisha, ikisema kwamba kwa kuwa matengenezo yatachukua muda, nitahesabiwa kwa mwezi. Siku ya kuondoka naambiwa haiwezekani kwa sababu sikusaini fomu ya mkataba wa mwezi. Fomu hiyo sikupewa. Na nilipobisha, mkanikumbusha kwamba sheria ya bahari inawapa haki ya kuishikilia mashua isiyolipa gati. Nikalipa kwa kadi, si kwa kukubali, bali kwa sababu nje kulikuwa na hali nzuri ya hewa ya siku mbili na nilishachoka kuona barafu kwenye kamba zangu.

Kinachoniudhi zaidi ya kiasi chenyewe ni hiki: kila siku pampu ile ilipolala mezani, ninyi mlipata dola 72. Sisemi mlifanya kusudi. Nasema kwamba aliyechelewesha ndiye aliyefaidika, na aliyecheleweshwa ndiye aliyelipa.

Umeme nao mmeutoza dola 10 kwa siku, bila kujali matumizi, ilhali nguzo ya gati ina mita inayofanya kazi. Nilipiga picha namba zake nilipofika na nilipoondoka. Nihesabieni kwa mita.

Na kina cha maji. Niliambiwa kuna futi 6 wakati wote. Mkuku wangu, yaani uti wa chini ya mashua, unashuka futi 5 na nusu. Huko kwenu maji hayapandi na kushuka kwa mvuto wa mwezi bali kwa upepo, jambo ambalo mgeni hawezi kulijua na mwenyeji hawezi kulisahau. Ulipovuma upepo wa magharibi siku mbili mfululizo, maji yalitoka mtoni, mkuku ukakaa kwenye matope na mashua ikalala ubavu usiku kucha. Hapa sidai fedha. Nawaomba mumwambie ukweli atakayefungwa hapo baada yangu.

Mlinzi wenu wa usiku, aliyenisaidia kuongeza kamba usiku ule, hahusiki na lolote katika haya.

Ninachodai: mnitoze miezi miwili kamili, dola 1,296, ingawa wa pili sikuumaliza, na mnirudishie dola 2,304 pamoja na tofauti ya umeme. Nangoja jibu la maandishi hadi 30 Januari. Lisipokuja, nitaandikia benki iliyotoa kadi yangu kupinga malipo hayo, ndani ya siku 60 zinazotolewa na Fair Credit Billing, sheria ya Marekani ya kupinga makosa kwenye ankara za kadi. Nimeambatanisha ankara, barua pepe ya 6 Novemba, picha za mita, na picha moja ya pampu niliyoipiga kupitia dirishani tarehe 17 Novemba.

Wenu,
Mwenye mashua