Idi Mubarak kutoka Tanga, mji uliolelewa na mkonge

Assalaam alaykum wagosi na mabinti wa Tanga, mlioko nyumbani na mliotawanyika Dar, Mombasa na Maskati.

Mwezi umeandama. Redio ilikuwa haijatangaza, watoto wa mtaani kwetu walikuwa wameshamaliza kutangaza. Idi Mubarak, na Mola atupokelee funga zetu, hata zile tulizoshinda tumelala. Na nyinyi majirani zetu Wakristo mnaosikilizia harufu ya pilau ya kesho, Idi ni yenu pia. Sahani zitakuja kama kawaida. Ombi letu ni moja tu mwaka huu: zirudi.

Wazee wa barazani kwetu Ngamiani wana neno lao la usiku wa Idi, wanalo miaka yote: Idi ilikuwa zamani. Ukiwauliza zamani ipi, hawakutajii mwaka, wanakutajia sauti. King'ora cha kiwanda alfajiri. Treni ya mizigo ikiingia kutoka Korogwe. Kengele za baiskeli za watu wa zamu, msururu mzima. Cherehani za mafundi ambazo usiku wa mwezi kuandama hazikuzimwa, maana mishahara ilikuwa imetoka na kila mtu alitaka nguo asubuhi. Kisha ngoma yenyewe: Atomic Jazz huku, Jamhuri Jazz kule, na kwa wapenzi wa taarabu Black Star na Lucky Star, mpaka watu wa nyumba moja wakagawanyika. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz hapa kabla ya kwenda zao na baadaye kutikisa Nairobi kwa jina la Simba wa Nyika. Bi Shakila, yule mwimbaji wa taarabu, alitokea Black Star. Mji wenye pesa hulea wanamuziki, na Tanga ya wakati ule ilikuwa nazo.

Zilitoka wapi? Kwenye jani lenye mwiba.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo Wajerumani wakaanza kutandika reli kutoka Tanga kwenda bara, na mwaka 1911 ikagusa Moshi. Huwa naifikiria sana ile miche 62. Ingekauka melini pamoja na wenzake, sijui mimi na wewe tungekuwa tunasalimiana kutoka wapi leo. Maana kutokana nayo nchi ilijaa mashamba: Muheza, Korogwe, Pangani, hata Morogoro na kando ya reli ya kati. Maporomoko ya Pangani yakafungwa mitambo miaka ya 1930 ili mji na mashine za mkonge zipate umeme. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950 bei ya singa, yaani nyuzi za mkonge, ikapaa, matajiri wa mashamba wakacheka mpaka jino la mwisho. Wakati wa Uhuru, mkonge ndio ulikuwa zao la kwanza la kuiletea Tanganyika fedha za kigeni, na mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000. Wakati ule hakuna nchi nyingine duniani iliyotufikia.

Wazee wakifika hapa wanajipiga vifua. Nami huwaacha wajipige, ni haki yao. Lakini nikinyamaza kidogo huwa nafanya hesabu nyingine. Katika kilo mia za majani ya mkonge, singa unayoipata ni kilo nne hivi. Zinazobaki ni maji na makapi. Sasa chukua hizo tani 230,000 urudi nyuma mpaka shambani, uone ni milima mingapi ya majani iliyokatwa kwa kisu, jani moja moja, ncha yenye mwiba ikaondolewa, yakafungwa mafungu ya majani thelathini thelathini, yakabebwa kwa bega mpaka kwenye troli. Troli ikaenda korona, yaani kiwanda cha kuchakata majani, mashine ikaponda na kukwangua, singa zikatoka za kijani, zikaoshwa, zikaanikwa kwenye waya mpaka ziwe nyeupe kama ndevu za babu. Kisha brashi, chumba kile cha vumbi ambacho waliofanya kazi humo waliondoka na kikohozi chao. Majimaji ya jani nayo yanawasha mwili.

Nani alikata? Sisi wenyeji wa pwani, tuseme kweli mwezi wa kheri, tuliikimbia kazi ile kila tulipoweza. Walikata watu waliotolewa mbali: Waha wa Kigoma, Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde waliovuka Ruvuma. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kukusanya watu, SILABU, kilichowapakia mikoani na kuwashusha mashambani. Kila mtu na namba yake. Ndiyo maana wakaitwa manamba, na neno likakaa mdomoni kama tusi mpaka juzi tu. Mshahara ulifuata kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza sehemu yako haikuandikwa. Miaka ilipokuwa mizito zaidi kwa neema, watu zaidi ya laki moja walikuwa wanaamkia kazi hiyo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alikuja na mkataba wa kwenda na kurudi. Akaenda, kurudi hakukutokea. Alimpata bibi, akasilimu, akajenga kibanda cha makuti, na kwa kuwa jina lake halikukaa vizuri midomoni mwa watu wa pwani, akapewa jingine. Baba naye hakushika kisu cha mkonge, aliushika ulipofika bandarini: alikuwa kuli. Tanga ya wakati wake meli kubwa hazikufika gati, zilitia nanga kwenye kina na matishari, mashua bapa za mizigo, yakazifuata na marobota ya katani, robota moja kilo 250. Siku hizi bandari imechimbwa, meli zinafunga gatini, na vijana hawaelewi kabisa ninaposema baba alikuwa anakwenda kazini kwa tishari.

Basi hiyo ndiyo neema. Iliyofuata wengi mnaijua, sitaichosha Idi yenu. Ulaya na Marekani wakagundua kamba za plastiki, bei ikaanguka kuanzia katikati ya miaka ya sitini, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ikachukua mashamba mengi wakati soko lenyewe linaondoka. Ajabu ni kwamba mji haukuzimika papo hapo. Miaka ya sabini ndiyo ving'ora viliongezeka: kiwanda cha chuma, kiwanda cha mbolea mwaka 1972, na mwaka 1980 saruji ya Pongwe. Nadhani zamani ya wazee wa barazani ni hiyo hasa, siyo ya mkonge. Mpaka Coastal Union, timu yetu ya mpira, inachukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, mji ulikuwa bado na mbwembwe zake, ingawa mbolea ilikuwa imebakiza miaka mitatu tu kufungwa, na mwishoni mwa miaka ya tisini mkonge wa nchi nzima ulikuwa umeshuka mpaka tani elfu ishirini hivi. Saruji bado ipo. Mkonge nao umeanza kurudi, safari hii wakulima wadogo wakiwamo, na naona malori ya singa barabara ya Muheza. Nafurahi. Natazama pia nani yuko juu ya lori.

Wagosi, Ramadhani hii nilikuwa nikiwaombea dua marehemu wetu kwa majina kila baada ya tarawehe. Nilimtaja baba, nikamtaja bibi. Nilipofika kwa babu nikamtaja kwa lile jina alilopewa hapa. La kwao, alilolibeba kutoka Kigoma, sikuwa nalo. Namba alikuwa nayo, hata hiyo hatuijui.

Anayelijua amebaki mtu mmoja, shangazi, Makorora, na masikio yake siku hizi yanataka upige kelele. Kesho tukitoka kuswali watoto nitawapa mkono wa Idi mapema waende zao Tangamano kwenye bembea, mimi nishike njia ya Makorora na sahani ya kaimati na kalamu mfukoni.

Idi Mubarak. Msisahau fitri kabla ya swala.